Mume Wangu Hakuwa Amelewa

Mume wangu hakuonja pombe maisha yake yote, wala hakumeza kidonge asichoandikiwa na daktari. Naliweka hili mwanzoni kwa kuwa wasomaji wengi hawafiki mwisho. Juzi, kwenye shughuli ya familia, nilimsikia kijana aliyeoa kwetu akiwachekesha wenzake: "Babu yenu alivunjika mguu akatembea nao. Chupa ndiyo iliyokuwa ikitembea, yeye alibebwa tu." Wakacheka. Nilikuwa nimekaa nyuma yao, sahani mkononi. Mimi sigombani hadharani. Naandika.

Alikuwa msimamizi wa ghala katika kinu cha unga. Wenzake walimwita Mizani, kwa sababu akiinua pembe ya gunia tu alikuambia kama limepunjwa. Ghala lenyewe lilikuwa refu, la bati, na unga ulikuwa umeganda kwenye nyuzi za buibui hadi zikawa nene kama kamba za viatu. Magunia yalipangwa juu ya mbao kwa kupishana, kama matofali ya ukuta. Yasipopishana, mlundo husimama vizuri tu, mpaka siku unapochoka kusimama.

Mdogo wake wa tumbo moja, shemeji yangu, aliingizwa na mume wangu katika kazi hiyo. Alimfundisha kubeba, kupanga na kuhesabu. Alimpenda kupita kiasi, na sisemi hivyo kwa wivu.

Asubuhi moja mlundo ukaanguka, na shemeji alikuwa chini yake. Toroli la chuma likasukumwa na magunia, likampiga mume wangu kwenye muundi, chini ya goti, mfupa ukakatika. Walioona walisema mguu ulipinda mahali pasipo na kiungo. Yeye hakuutazama. Aliyaondoa magunia, akamshika mdogo wake makwapani, akamburuta hadi mlangoni penye hewa. Kisha akageuka kurudi ndani.

"Unakwenda wapi tena, Mizani?" mpakiaji mmoja akamuuliza.

"Kiatu chake kimebaki. Ni kipya hicho, mkewe atanisumbua."

Akakileta, akichechemea, akimtania mdogo wake kwamba ana miguu mikubwa kuliko akili. Kiatu hicho ndicho kilichomponza. Watu wanakubali kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kumwokoa ndugu yake. Kurudi kufuata kiatu huku mfupa umekatika, hapo wakasema ni ulevi.

Nilimkuta hospitali, amekaa kwenye benchi, anauliza habari za mdogo wake na si nyingine. Muuguzi akaja kumwambia, "Ndugu yako mzima, baba. Mbavu tu zimechubuka." Ndipo alipoinama akauona mguu wake. Ukelele alioutoa sijausikia tena kwa mtu mzima. Nilimshika kichwa mpaka walipomchoma sindano.

Nimefundisha baiolojia sekondari hadi nilipostaafu, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyowaeleza watoto wa watu, tena bure. Jeraha halina kazi zaidi ya kupeleka habari. Habari hizo zinaingia kwenye ugwe wa mgongo, yaani ile kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo, na hapo pana mapokezi kama ya ofisi. Si kila anayebisha hodi anapandishwa ghorofani. Mama anayemsugua mtoto aliyejigonga goti hafanyi mazingaombwe: habari za mkono wake zinafika kwenye mlango uleule na kubanana na habari za goti. Huko juu, ubongo unapokutana na shingo, lipo shina la ubongo. Hilo ndilo meneja. Mambo yakichacha, kama mtu wako yuko chini ya magunia, hupiga simu chini: "Usinipandishie mtu sasa." Mapokezi yanatii. Mwili una dawa yake ya kutuliza maumivu, jamii moja na zile kali za hospitali, na haiuzwi baa. Mtu anaweza kutembea juu ya mfupa uliokatika mpaka hatari ipite. Hatari ya mume wangu ilipita pale muuguzi aliposema "mzima."

Meneja wa kinu hakumuuliza mwalimu wa baiolojia. Alimuuliza shemeji, kitandani, kifua kimefungwa bandeji: iweje mtu atembee hivyo?

"Labda alikuwa amepata kitu kidogo," shemeji akajibu. "Asubuhi alichangamka mno."

Mume wangu alichangamka kila asubuhi, ndivyo alivyoumbwa. Lakini maneno hayo yalitosha. Msimamizi mlevi, mlundo umeanguka, nani atafute sababu nyingine? Alifukuzwa kazi mguu ukiwa bado kwenye plasta.

Mfupa uliunga vizuri. Maumivu hayakuondoka. Shuka likimgusa muundi alishtuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Soksi hakuiweza, upepo wa feni hakuuweza. Alikaa sebuleni suruali imekunjwa mguu mmoja, akapokea wageni hivyo, na nyumbani kwangu wageni hawakukoma. Walewale waliosema haiwezekani mtu asiumie namna ile, sasa walisema haiwezekani mtu aumie namna hii. Shemeji naye alikuja, akaishika picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha.

"Kaka, mfupa umeunga. Unaumwa na nini sasa?"

"Naumwa mguu."

"Lakini picha haina kitu."

"Basi ipe hongera hiyo picha, mimi nipe pole."

Shemeji akacheka. Mume wangu hakucheka. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, lakini watu wanapenda kuzitaja methali kuliko kuzitumia.

Tulimpata daktari mmoja wa neva, mama mtu mzima, asiyetabasamu ovyo. Alimgusa mguu kwa pamba tu, akaona jasho lilivyomtoka.

"Ugwe wako umezoea maumivu, baba," akasema. "Ni kama mapokezi ya ofisi: sasa yanapandisha kila mtu, na anayepita njiani wanamwita ndani. Huko juu nako, pale palipozuia siku ile, sasa panachochea. Pamba inafika ubongoni ikiwa moto."

"Kwa hiyo sidanganyi?"

"Hudanganyi."

Mume wangu akajipangusa jasho. "Naomba umwambie hivyo mdogo wangu."

"Mlete."

Shemeji hakuja. Alikuwa na kazi. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa ghala wakati huo.

Mwishowe mume wangu akawaita, mama mkwe na shemeji, nyumbani kwetu mchana wa Jumapili. Hakutaka kazi wala kuombwa radhi. Alitaka jambo moja lisemwe mbele ya mama yao.

"Mdogo wangu, sema tu siku ile nilikuwa mzima."

Shemeji akakichezea kikombe. "Kaka, hayo ni ya zamani. Tuyaache."

"Ya zamani kwako. Mimi nimelala nayo leo."

"Mimi nilikuwa chini ya magunia, ningeona nini?"

"Uliona kiatu kikiletwa."

Mama mkwe akajifunika uso kwa kanga. "Wanangu, msinibomolee nyumba ningali hai."

Mume wangu akamtazama mama yake, kisha mdogo wake. "Haya. Kunywa chai, itapoa." Walipotoka akaniambia, "Mwache. Ana watoto wadogo." Mimi nilikuwa na wa kwangu, lakini nilimwacha, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anaumwa.

Aliishi na mguu ule miaka mingi, akafa kwa moyo. Mazishini shemeji alilia kuliko mimi, kisha akaombwa aseme neno. "Kaka yangu alikuwa shujaa," akasema, "ingawa kila mtu ana udhaifu wake." Waombolezaji wakatikisa vichwa kwa huruma. Huruma hiyo ndiyo mbegu ya kichekesho nilichokisikia juzi.

Baada ya kicheko kile mjukuu wangu mkubwa alinifuata jikoni. Yeye ana akili, amezitoa kwa babu yake. "Bibi, kama babu hakulewa, mlundo ulianguka kwa nini? Nani aliupanga?"

Swali ni zuri. Jibu ninalo, kwani mume wangu aliniambia, na mpakiaji aliyeuona mlundo kabla haujaanguka aliniambia pia. Jibu hilo lingemsafisha mume wangu ndani ya siku moja tu. Lakini lingemwangukia mtu mwenye jina letu, na watoto wake wana jina letu, na wajukuu zangu wanaandikishwa shule kwa jina hilohilo. Yeye mwenyewe angali hai. Ana kinywa.

Nimesema mume wangu hakuwa amelewa, na kwamba aliumwa kweli. Hayo nayaapia. Nani alipanga magunia, msiniulize, awe mjukuu au mgeni. Siwaambii.