Mahindi ya Wageni

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi Mama aliponiuliza kama sasa anaweza kuwapikia watoto yale mahindi ya nyuma.

Nilikuwa nimemaliza tu kumsomea majibu yake. Nafundisha mbinu za utafiti katika chuo kimoja mjini Eldoret, na mwaka huo nilikuwa nasimamia wanafunzi wawili wa shahada ya pili waliokuwa wakipima sumu ya ukungu kwenye mahindi ya wakulima wa Burnt Forest. Sumu hiyo huwezi kuiona, na moto wa jikoni hauiondoi. Inaharibu ini polepole, na watoto ndio huumia zaidi. Watafiti wengi huchukua sampuli na kupotea kabisa. Mimi nilikuwa nimeapa kurudi nyumba kwa nyumba na jibu la kila mtu na kulieleza mpaka lieleweke. Ndivyo nilivyofika kwa huyo niliyemwita Mama kwa heshima tu, mjane anayelea wajukuu wanne, nikamwambia kwa furaha kwamba mahindi yake ni salama.

"Ya nyuma yapi, Mama?" nikamuuliza.

"Yale ya kule mwisho wa stoo. Yalinyeshewa kabla sijamaliza kuvuna. Nimeyatenga tangu mwezi wa kwanza, nikingoja mniambie."

"Si ndiyo haya tumepima?"

Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Hayo hamkupima, Mwalimu. Wale watoto wenu niliwapa mazuri. Nilikaa asubuhi nzima nikichagua punje moja moja. Kwani mgeni anapewa yaliyooza?"

Nikamuuliza hayo ya nyuma yanafanya kazi gani kwa sasa. Akasema anamsagia ng'ombe kidogo kidogo, ndiyo maana maziwa hayajapungua.

Niliweka kikombe chini. Aliona.

"Chai ina nini?"

Mimi ni mtu wa kueleza. Mwanafunzi akiuliza jambo mara tano, namjibu mara tano, na mara ya tano nafurahi zaidi kwa sababu najua amekaribia. Lakini siku hiyo maneno yalitoka kwa shida. Nilimweleza kwamba ng'ombe akila mahindi yenye ile sumu, sehemu yake hupita kwenye maziwa. Sikujua kama mahindi yake yalikuwa nayo, kwa sababu hatukuyapima. Alisikiliza akiwa ameweka mikono magotini.

"Na wewe umetoka Eldoret kuja kuniambia niko salama," akasema.

Tulienda stoo. Nyuma ya gunia mbili safi kulikuwa na sita nyingine. Alifungua moja. Punje zilikuwa zimeshikana, nyingine zina unga wa kijani, na harufu yake ilikuwa ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Wajukuu wanne walikuwa uani. Kama angeniamini bila kuuliza lile swali moja, wangekula hayo kuanzia wiki hiyo mpaka mavuno, na ruhusa ningekuwa nimeitoa mimi.

Alasiri hiyo nilipita kwa majirani zake watano. Kote nilisikia hadithi ile ile. Mzee mmoja alikiri bila kuona haya kwamba mahindi yake yalikuwa yameharibika vibaya, kwa hiyo alienda kwa shemeji yake kuomba debe moja zuri la kuwapa wanafunzi wa chuo.

"Ningewapa takataka waende nayo mpaka Eldoret?" akaniuliza. "Wangesema huku kwetu watu wanaishi namna gani?"

Shemeji huyo naye alikuwa kwenye orodha yetu. Tulikuwa tumepima mahindi ya mtu mmoja mara mbili, tukayaandika kama ya nyumba mbili, na tukashangilia jinsi majibu yalivyokaribiana.

Kesho yake niliwaita wale wanafunzi ofisini. Labda nieleze kwanza walichotakiwa kufanya. Sumu ya ukungu haisambai sawasawa ndani ya gunia. Ni kama chumvi iliyomwagwa kwenye sufuria bila kukorogwa: ukionja upande huu utasema chakula hakina chumvi, ukionja ule utatema. Kwa hiyo unachukua bomba la chuma lenye ncha, unatoboa kila gunia juu, katikati na chini, hata yale yasiyopendeza, kisha unachanganya. Huo ndio msingi wa kazi yote. Mashine ya maabara, hata iwe ya kisasa vipi, inakujibu kuhusu kile tu ulichoiletea.

"Bomba mlikuwa nalo?" nikauliza.

"Tulikuwa nalo, Mwalimu," akasema mmoja wao, msichana. "Lakini watu walikuwa wanakataa. Wanasema hiyo chuma ni ya mabroka."

"Nyumba ya kwanza tulifukuzwa," mwenzake akaongeza. "Ya pili mama akasema, wacheni kutoboa gunia zangu, nitawapa mwenyewe. Akatupa mahindi safi na chai. Tukaona hiyo ndiyo njia."

"Njia ya nini?"

"Ya kumaliza, Mwalimu. Gari ilikuwa inatungoja."

Nilifoka. Si kawaida yangu, na wote wawili waliangalia sakafu. Walipoondoka niliendelea kufoka peke yangu, safari hii nikijifokea mwenyewe, kwa sababu ni mimi niliyewafundisha kuchukua sampuli. Niliwafundishia darasani, kwa beseni la maharagwe na kijiko. Sikuwahi kuwaambia kwamba katika nyanda hizi kila mkulima amewahi kusimama akitazama broka akitoboa gunia lake kwa bomba kama hilo, akizisugua punje kiganjani, akikunja uso na kushusha bei. Nililijua hilo. Nimekulia shambani. Nililiacha nje ya darasa kana kwamba si sehemu ya sayansi.

Kisha nikapanda ngazi kwenda kwa mkuu wa mradi, ambaye sote tulimwita Prof. Alikuwa anamenya yai la kuchemsha juu ya ripoti iliyokuwa imeshafungwa kwa jalada la buluu.

Nilimweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, na kwa dakika chache nilidhani tuko pamoja.

"Mkutano na wakulima ni Alhamisi," akasema. "Wafadhili wanakuja."

"Tuuahirishe. Turudi tukapime upya."

"Kwa muda upi? Mradi umeisha." Alitia yai chumvi. "Ongeza sentensi moja kwenye ukurasa wa mapungufu. Sema huenda uteuzi wa sampuli uliathiriwa na wakulima wenyewe."

"Na wakulima wenyewe?"

"Si ndio waliochagua?"

"Prof, yule mama hasomi ukurasa wa mapungufu. Anangoja kuambiwa ale au asile."

"Basi mweleze. Wewe si ndiye fundi wa kueleza?"

Nimesifiwa kwa neno hilo miaka mingi na sijawahi kulichukia kama siku hiyo. Alikuwa anamaanisha niulainishe ukweli. Nilishuka ngazi, nikatembea kwa miguu kutoka katikati ya mji hadi Huruma, ninakoishi, nikipita wauza mitumba na mafundi wa jiko za bati, na sikumjibu salamu mtu yeyote. Nilikasirikia yai. Nilikasirikia jalada la buluu. Zaidi nilikasirikia ile "wakulima wenyewe", jinsi watu waliotoa kilicho bora nyumbani mwao walivyogeuzwa kwa sentensi moja kuwa waharibifu wa utafiti.

Alhamisi tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa. Prof alizungumza vizuri. Alisema mahindi ya eneo hilo yako ndani ya kiwango kinachokubalika, akawapongeza wakulima kwa bidii yao, wakapiga makofi. Mapungufu hakuyataja.

Mama aliinua mkono. Alikuwa amekaa safu ya tatu, amevaa kitambaa chake cha kwenda ibadani.

"Profesa, mimi ni mmoja wa hao uliopima. Nataka kuuliza, ni mahindi gani hayo yenye yako salama? Kwa maana mimi niko na aina mbili."

Watu walicheka. Yule mzee wa shemeji alicheka zaidi, kisha akanyamaza ghafla.

Prof alitabasamu. "Mwalimu ataeleza," akasema, akanipa kipaza sauti.

Nikaeleza. Niliwaambia tumepima mahindi waliyowachagulia wageni, basi. Yale yaliyobaki stoo hatujui chochote juu yake, na yeyote aliyesikia neno "salama" asilipeleke nyumbani. Mahindi yaliyobadilika rangi au kushikana wasile, wasiwape ng'ombe wala kuku, wasiuze. Nikasema Jumamosi nitakuja mwenyewe na bomba, na atakayeniruhusu nitatoboa gunia zake zote.

"Kwa hivyo ni sisi tulidanganya?" mzee akauliza.

"Hapana, Mzee. Nyinyi mlitukaribisha. Ni sisi tulipaswa kuwaambia tunataka mabaya."

Gari la chuo lilirudi Eldoret bila mimi. Ripoti ilitoka kama ilivyokuwa, ila sentensi ile niliyokataa kuiandika iliongezwa na mwingine. Niliomba jina langu litolewe. Liliondolewa haraka kuliko ombi lolote nililowahi kupeleka katika ofisi ile.

Jumamosi nilifika kwa Mama nikakuta shimo limechimbwa nyuma ya zizi, na gunia sita zimepangwa ukingoni.

"Ungengoja nipime kwanza," nikamwambia. "Huenda si zote zimeharibika."

"Utapima leo, majibu yaje lini?"

"Wiki tatu. Labda nne."

"Nimengoja tangu mwezi wa kwanza, Mwalimu. Shika huku."

Tulimwaga gunia moja baada ya nyingine. Mahindi ya kwanza yalitoka yakiwa yameshikana kwa mabonge. Ya gunia la tano mengi yalikuwa meupe, safi kwa macho, nikaona mkono wake ukisita kwenye mdomo wa gunia. Angeweza kunusuru baadhi, kama mtu angempa jibu la kweli kwa wakati wake. Aliliinamisha. Tulifunika kwa udongo, akaukanyaga kwa viatu vyake vya gambuti mpaka ukashikamana.

"Zile mbili za mbele zikiisha, tutakula unga wa duka mpaka mavuno," akasema. "Huyo profesa wako, yeye anakula unga gani?"

"Wa duka," nikasema.

"Nilijua tu." Akachukua mundu wake, akaenda kumtafutia ng'ombe majani.