Kitabu Alichokigawa Chungulia

Mtaa mzima ulimwita Chungulia, na jina hilo hakupewa kwa ubaya. Ndivyo alivyosoma. Kitabu cha dukani kikifunuliwa sana mgongo hukatika, na mteja hataki kitabu kilichokatika mgongo. Kwa hiyo muuza vitabu wetu alivifungua upana wa vidole viwili, akafumba jicho moja, akasoma kama mtu anayemchungulia mgeni mlangoni. Hadithi ngapi amezimaliza hivyo, mwenyewe hajui. Nyumbani kwake hamkuwa na kitabu hata kimoja. Mfinyanzi hulia gaeni.

Sikukuu zikifika ndugu walimletea mashati. Mwaka mmoja walimletea saa ya ukutani. "Nimpe kitabu mtu mwenye duka zima la vitabu?" walisema. Naye alicheka nao, kisha akatia neno kama mzaha, kwamba angeulizwa angetaka kile kikubwa cha ndege wa mtoni, kilichonunuliwa kabla hajafika katikati.

"Nilimwacha korongo kainua mguu mmoja," alisema. "Sijui kama aliushusha."

Watu walicheka, wakaendelea kula. Mzaha ule ulikuwa na njaa ndani yake, lakini nani alikuwa na masikio ya kuisikia?

Mkewe alikuwa nayo. Ndiye aliyefunga zawadi za wateja kwa karatasi ya bluu ya duka, ncha akizikunja mara mbili ili gundi isionekane. Mwaka huu hakufunga nyingi. Figo zilimwangusha sikukuu ikikaribia, akalazwa, na madaktari wakaanza kuzungumza na mumewe kwenye korido badala ya kitandani.

Akiwa pale wodini alimtuma mdogo wake mjini akakitafute kitabu cha ndege. Kilipoletwa aliomba kalamu, akaandika ndani, akakifunga mwenyewe kwa ile karatasi ya bluu.

"Usimkabidhi," alimwagiza mdogo wake. "Kaweke kwenye rafu ya mizigo ya wateja. Akiona mzigo hauna jina, atafungua tu. Namjua."

Mdogo mtu akafanya vilevile. Lakini siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Jioni ile duka lilifurika, na mama mmoja mwenye begi la safari akajipenyeza hadi mbele.

"Baba, nipe mzigo wangu, basi linaniacha."

Chungulia alipapasa rafuni, asiuone wenye jina lake, akautoa ule usio na jina. "Ni huu?"

"Karatasi ndiyo hiyohiyo," mama akasema. Ingekosaje kuwa hiyohiyo, na mizigo yote ilifungwa kwa karatasi moja? Chungulia aliitambua mikunjo ya mkewe, moyo ukamuuma, akadhani ni mmoja wa mizigo aliyoifunga kabla ya kulazwa. Akautoa kwa mikono yake miwili, akamtakia sikukuu njema.

Akifunga duka aliukuta mzigo halisi wa yule mama umeangukia nyuma ya rafu. Kosa dogo, akajisemea, atarudi.

Asubuhi shemeji yake alimpokea mlangoni mwa wodi. "Haya shemeji, umefurahi?"

"Nimefurahia nini?"

Akaelezwa. Akautambua mzigo alioutoa jana. Nakala nyingine angeweza kuinunua. Mwandiko wa mkewe unauzwa duka gani?

"Usimwambie," alisema. "Nakuomba sana."

Mkewe alikuwa amelala chali, midomo imekauka, macho yakimngoja.

"Umekifungua?"

"Nimekifungua, mke wangu."

"Hukuchungulia?"

"Nilikitandaza chote mezani."

Akatabasamu. "Na nilichokuuliza pale mbele, umekisoma?"

Hapo ndipo angesema kweli. Lakini furaha ile usoni pa mgonjwa, yeye ni nani wa kuifuta?

"Nimekisoma."

"Unasemaje?"

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, mke wangu."

Machozi yakamtiririka mkewe hadi masikioni. "Sikudhani ungekubali," alisema. "Sasa naweza kupumzika."

Wakamzika kabla shamrashamra za sikukuu hazijatulia. Shemeji hakuwa ameyasoma maandishi. Aliona aibu kuchungulia mambo ya mke na mume. Mama wa begi hakurudi.

Tangu siku hiyo Chungulia anahangaika kutimiza asichokijua. Ameacha ugoro, ambao mkewe aliuchukia. Amekwenda kwa kaka yake, waliyenuniana naye miaka, akaanza yeye kuomba radhi. Ameziba ufa wa jikoni ulioombewa saruji tangu watoto wakiwa wadogo. Kila aliloombwa katika ndoa ile na kulipuuza, analikumbuka na kulifanya, na halimtulizi.

Siku hizi ndugu wanamshauri aoe, nyumba isikae baridi. Wakilitaja hilo anainuka na kutoka nje. Huenda mkewe alimwomba aoe. Huenda alimwomba asioe. Alimwambia ndiyo, mama wa watu akafa ameridhika, na yeye hajui alikubali nini.