Basi la Loretta Kwenye Njia ya Magogo

Mto ulipofurika na kuimeza barabara kuu ya jimbo, shule ilimruhusu Loretta Haugen awarudishe watoto kwao kwa njia ya malori ya magogo, ile inayokatiza vilimani kwenye visiki vitupu. Miaka yote aliendesha basi lake bondeni, ila njia hii aliijua kwa marehemu mumewe, aliyekuwa dereva wa lori. Redio ya marehemu, ya kuzungumza na madereva wenzake, ndiyo aliyoifunga kando ya usukani.

Sheria ya kule ni hii: ukifika kila kibao cha maili, tangaza ulipo. Na anayepanda mtupu humpisha anayeshuka na mzigo, maana lori la magogo likishika kasi mteremkoni halisikii la mtu.

"Basi, kibao cha nne, napanda mtupu," Loretta akatangaza, kama alivyozoea kumsikia mumewe akisema.

"Mtupu?" akadakia Tilly Pruitt, aliyekaa kiti cha mbele. "Kwani Bi Loretta, sisi ni hewa?"

Wenzake wakacheka. Redio ikakoroma, alikuwa Dell, baba yake Tilly. "Kibao cha tano, nimebeba, nashuka. Nisubiri hapo pa kupishania."

Loretta akatazama pa kupishania. Hapakuwapo. Mvua ilikuwa imepaporomosha pote hadi bondeni. Nyuma yake kona, pembeni genge.

"Dell, nimekosea," akasema taratibu, asiwatie watoto hofu. "Mimi si mtupu. Basi limejaa watoto, na Tilly wako yumo. Pa kupishania pamekwenda na maji."

Huko juu breki zikanguruma, zikanguruma, hata watoto wakanyamaza. Halafu nazo zikanyamaza.

"Nimesimama," Dell akasema, akihema. "Nimeliegemeza kwenye ukuta wa kilima. Pita, mama. Na basi lililombeba mwanangu usiliite tupu tena."

"Nami nimesimama, kibao cha sita," ikaingia sauti nyingine. Ikafuata ya tatu.

Kwenye njia ile aliyebeba hajapata kumngoja mtu. Siku hiyo malori yalijibana ukutani, magogo yakidondosha maji, basi likapita taratibu. Watoto wakavuta kamba isiyokuwapo hewani, kama wafanyavyo siku zote kuomba honi za malori, na madereva wakawapigia honi moja baada ya nyingine. Ya Dell ndiyo iliyolia kwa nguvu kuliko zote.

Walipovuka kilele, Loretta alishika redio.

"Basi, kibao cha tisa, nashuka. Nimebeba."

Hapo ndipo sauti yake ilipotetemeka.