Kinyozi Anayetutafsiria Kijapani

Kinyozi wetu huingia chumba cha michezo ya video na kitana kimechomekwa nyuma ya sikio. Maneti, kile kidude cha vibonye cha kuchezea, haishiki kamwe. Hukunja mikono, husafisha koo, akatafsiri. Mchezo wa kwanza ulitufikia kutoka Kigoma ukiwa kwa Kijapani kitupu, na ni yeye aliyetuambia kwamba yule binti mwenye upanga anamtafuta mjomba aliyekula mahari yake. Nusu ya Kalemie ilimchukia yule mjomba. Hakuna aliyemuuliza kinyozi Kijapani alikisomea wapi.

Sasa imefika sehemu ya pili, yenye maandishi ya Kifaransa, na binti anataka kuokoa dunia. Mjomba hatajwi kabisa. Kinyozi alisoma mstari kwa mstari, akilamba midomo. “Hawa Wajapani njo wameharibu hadithi,” akasema. Nilitaka kucheka, lakini wachezaji walikuwa wamekaa kama wako matangani. “Kweli, Papa, wametuharibia,” akasema Chérubin, aliyeshika maneti, akafungua mipangilio, akarudisha Kijapani. Wote wakamgeukia kinyozi. Akachomoa kitana, akakigeuzageuza, kisha akakielekeza kwenye kioo cha televisheni. “Mujomba ule pale, nyuma ya muti. Anajificha.”

Nikasogeza kiti nimwone mjomba vizuri.