Mpishi Aliyeinyima Harusi Kachumbari

Nyinyi mnaokula pilau kwenye harusi za Waislamu wa mji huu, kutoka Nyamirambo mpaka Kanombe, huenda mmeshasikia: yule mpishi mrefu aliyezoea kujifunga taulo kichwani amefariki. Alifia nyumbani kwake Gatsata, kwa presha iliyomsumbua muda mrefu, tukamzika siku ile ile baada ya alasiri. Jina lake silitaji, kama kawaida yangu hapa, na mwenyewe hakupenda kutajwa. Alikuwa akisema mpishi akitajwa sana ujue chumvi imezidi.

Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Mimi ni fundi cherehani, nilimshonea nguo za kupikia, zile zenye mfuko mkubwa mbele, basi. Lakini fundi husikia mengi, mtu anapopimwa kiuno hana pa kwenda, na huyu alikuwa msemaji. Alijivunia ulimi wake. Sokoni alikuwa akiokota nyanya, anairamba karibu na kikonyo, anafumba macho. Wauzaji walimgombeza: "Muze, umeramba, nunua." Naye: "Ninaramba kwa ajili ya harusi nzima, wewe nyamaza." Chungu kwenye ncha ya ulimi, kwake, ilimaanisha dawa ya wadudu. Isiyo chungu ilikuwa safi. Na hapa niseme neno kidogo kuhusu nyanya. Zamani tulikuwa tukinunua nyanya leo, keshokutwa imelainika, tunaharakisha kuipika. Siku hizi zinafika na unga mweupe wa dawa juu, na wapo wateja wanaozitaka hizo hizo, eti ndizo zinazokaa wiki nzima. Tunafurahi nyanya ikikataa kuoza. Hatuulizi kwa nini inakataa.

Sasa, mpishi alikuwa na mpangaji, binti wa Kitanzania anayefanya kazi maabara, mwenye Kiswahili kilichonyooka hadi sisi wa hapa tunaona haya kufungua mdomo. Huyo binti na wenzake walikuwa wakijaribu vipande vya karatasi vya kupimia mabaki ya dawa kwenye chakula. Unapangusa nyanya kwa maji kidogo, unadondoshea karatasi, unangoja. Doa jekundu likibaki jekundu, sawa. Likigeuka zambarau, pana dawa. Alimweleza mpishi kwamba ule wekundu ni dhahabu, iliyosagwa ikawa chembe ndogo ambazo hakuna jicho linaloziona, na kwamba dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho huacha rangi yake ya manjano. Zikikutana na dawa, zile chembe hukumbatiana, na rangi hubadilika.

"Dhahabu kwenye karatasi," mpishi akasema. "Na wewe bado unapanga chumba kwangu?"

"Ni kidogo sana, mzee wangu. Haitoshi hata kutoboa pua."

Basi wakashindana, ulimi na karatasi. Mpishi akaramba nyanya, akasema hii iko safi. Karatasi ikageuka zambarau. Akaiosha ile nyanya, akaramba tena, akaapa. Karatasi nyingine nayo ikawa zambarau. Alinisimulia haya huku nampima mabega, na hakucheka. "Miaka yote ile," akasema, "nilikuwa ninaramba bure." Tangu hapo hakwenda kazini bila zile karatasi.

Ndipo ikaja harusi ya Kinyinya. Baba wa bibi harusi, Hadji mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alileta nyanya mwenyewe, makreti yamepangana. Asubuhi mpishi akapima: zambarau. Akachukua za kreti jingine: zambarau. Akatuma mtu soko la karibu, zilizoletwa nazo zikageuza karatasi. Akampigia simu binti. Binti akamwambia kweli: karatasi inasema dawa ipo, haisemi ni nyingi kiasi gani, huenda hazidhuru, ili kujua ni lazima zipitishwe kwenye mashine ya maabara, na jibu si la leo. Wageni walikuwa wameanza kuingia. Pilau yake haikuwa na nyanya ndani, kwa hiyo ilibaki kachumbari, ambayo huliwa mbichi, na watoto ndio huichota zaidi. Akakata vitunguu, ndimu na pilipili, nyanya akazifunika kwa turubai.

Mimi nilikuwa miongoni mwa walioalikwa, nimekaa karibu na jiko, Hadji alipokuja.

"Kachumbari iko wapi?"

"Haiko, Hadji."

"Haiko namna gani? Nimeleta makreti."

"Nyanya zote iko pale. Nimezifunika."

"Zinalala?"

"Iko na dawa. Karatasi imekataa."

"Mimi niliita wewe au niliita karatasi?"

"Uliita mimi, Hadji. Basi mimi ndiyo nimekataa."

Watu walikula pilau na vitunguu, wakanuna. Pilau bila kachumbari hapa kwetu ni kama suti bila shati, nasema kama fundi. Kabla ya jioni ilishasemwa kwamba mpishi kauza nyanya za watu, ingawa makreti yalionekana na kila aliyepita. Na kwa kuwa hakuna aliyeugua, nani angemshukuru? Harusi zikahamia kwa mpishi mwingine, kijana. Yeye akabaki na misiba, maana wafiwa hawana muda wa kuchagua.

Binti alikuwa amepeleka nyanya chache za harusi ile maabara. Jibu lilipotoka, akamfuata. Mpishi akamkatiza: "Usiniambie, mwanangu. Likiwa baya nitajisifu mji mzima. Likiwa zuri, siku nyingine nitaogopa kukataa." Akaenda zake hivyo, bila kujua.

Matangani Gatsata, binti alinieleza bila kuulizwa. Dawa ilikuwapo, lakini chini ya kiwango kinachokatazwa. Karatasi ilikuwa na woga kupita kiasi, ikigeuka kwa dawa kidogo sawa na kwa dawa nyingi. Nyanya zile za Kinyinya ndizo zilizowaonyesha kasoro, na sasa wanatengeneza karatasi yenye madoa mawili, moja la kidogo na moja la hatari. Hadji alikuwa kwenye mkeka jirani, akasikia yote.

"Kwa hiyo tungekula," akasema.

"Mngekula, Hadji," binti akajibu. "Lakini asubuhi ile hakuna aliyejua."

Hadji akasema, bila kulalamika, "Na ningemuita kesho, angekataa tena."

Angekataa, na mimi naona alikuwa sawa, hata baada ya kusikia jibu la mashine. Anayelisha watu huamua kwa kile anachokijua wakati wageni wanaingia. Jibu la wiki ijayo linaweza kumwonyesha kuwa mjinga, likamnyang'anya na kazi. Asiyeweza kulibeba hilo asishike mwiko.