Marehemu ameitika darasani leo

Jamani, rafiki yangu tuliyemzika Jumapili leo ameitika jina lake darasani.

Ngojeni, nieleze.

Mi ni mwanajeshi, nasoma chuo hapa Gitega. Tulianza pamoja na Désiré, tukilala kambi moja. Jumapili tumemzika kwao Muyinga.

Prof hakuwa na habari. Asubuhi kaanza kuita majina kama kawaida.

"Désiré!"

"Présent!"

Sauti yake ile ile, ya kukwaruza.

Darasa zima likageuka. Nami nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta tu.

Dada tunayekaa naye benchi moja akaninong'oneza: "Afande, mbona ni we umejibu?"

Mi?

Haya, kambini mwenzio akiwa lindoni unamwitikia. Tumefanyiana hivyo miaka, mdomo umezoea. Lakini sauti ile haikuwa yangu, wallahi!

Prof akaendelea, akafika kwangu.

Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nikajaribu tena. Hakuna.

Akatazama benchi letu kama anatazama nafasi tupu.

"Huyu leo hayupo," akasema, akaandika.

Nipigieni simu, tafadhali. Mniambie mnasikia sauti ya nani.