Mkeka Nyuma ya Goli

Jirani yangu mmoja, ambaye uani kwetu tunamwita Mama Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, alinikuta bombani nasuuza nepi, akaniinamia sikioni.

"Mdogo wangu, unaishi ukuta kwa ukuta na mtu usiyemjua. Huyo Mwalimu wenu wa mpira kaanza kuzunguka kwa wake za watu. Juzi kaonekana mlangoni kwa yule mama muuza mboga, jua linazama. Jana kwa fundi cherehani. Na nyumba zote hizo baba hayupo!"

"Labda alikuwa na shida zake, dada."

"Shida ndiyo hiyo hiyo! Mke yuko mbali, yeye jioni yuko kwenye milango ya watu. Unadhani anaomba chumvi?"

Nilikamua nepi nikachukua nyingine. Mwanangu alikuwa mgongoni, anamchekea Mama Redio kama kawaida yake, maana yeye huchekea kila mtu. Lakini neno lile liliniingia, likanikaa. Mwalimu alikuwa rafiki wa mume wangu na mimi ananiita shemeji. Sikutaka iwe kweli.

Niwaeleze kwanza huyo Mwalimu ni nani. Ni mwembamba, mrefu, kapanga vyumba viwili vinavyofuatana na chetu. Mkewe ni muuguzi, kapangiwa kazi mbali, anakuja likizo kwa likizo, na siku ya kuja kwake Mwalimu hupiga mluzi tangu asubuhi. Suruali yake ya mazoezi ina kiraka gotini alichokishona mwenyewe, na nikisema kweli mshono wake umenizidi mimi. Kila asubuhi hukaa kizingitini na kikombe cha chai pembeni, mpira mapajani, anaushona kwa sindano kubwa pale ulipofumuka. Mimi nikitoka humsalimia mwanangu kabla yangu. "Shikamoo, mzee," anamwambia. "Umeamkaje na hao watoto wako wawili?" Yaani mimi na baba yake.

Anafundisha Jiografia kwenye shule ya sekondari iliyo nyuma ya mtaa wetu. Ni shule aliyosoma mwenyewe. Aliwahi kumwambia mume wangu, aliyekuwa anaziba pancha ya baiskeli barazani, "Mimi shule nilikuwa naufuata mpira. Hesabu zilinikuta huko huko." Anaamini bila ile timu angeacha masomo mapema kama kaka zake. Ndiyo maana aliporudi akaikuta timu imekufa, ilimuuma kama msiba.

Maana kufa ilikuwa imekufa kweli. Walikuwa wakienda kwenye mechi wakiwa pungufu, wanafungwa mpaka refa anaona huruma. Shule nyingine ziliwabatiza jina, Mapumziko, kwamba ukipangiwa kucheza nao ni kama umepewa siku ya kupumzika. Basi Mkuu wa shule, mama mmoja asiye na utani mwingi, akamwita Mwalimu ofisini. Akamwambia wanafunzi wake wanakula wamesimama juani, shule haina bwalo, na kiwanja kimelala pale bila faida. Timu isipopata hata pointi moja muhula huu, inavunjwa, bwalo linajengwa uwanjani. Hakuwa mtu mbaya. Mimi mwenyewe nimewaona wale watoto wakila na sahani zimewaunguza viganja.

Mwalimu akatangaza mazoezi. Siku ya kwanza vijana walijaa. Kabla wiki mbili hazijaisha, waliobaki ungewakalisha kwenye benchi moja. Nilimsikia barazani akimlalamikia mume wangu, "Hawa watoto wa siku hizi wamelegea! Nikipiga filimbi mara ya pili, hawapo!"

Sasa baada ya maneno ya Mama Redio, usiku mume wangu aliporudi nilimuuliza. Nilizunguka zunguka kidogo, nikaishia kumuuliza kavu. Alicheka mpaka mtoto akashtuka usingizini.

Kumbe ilikuwa hivi. Kipa wa timu ni kijana mrefu wa mikono, wenzake wanamwita Ngazi. Alipokosa mazoezi mfululizo, Mwalimu alimfuata kwao akamkanye. Akamkuta uani, mdogo wake wa kike yuko mgongoni kwa kanga, beseni la nguo mbele, sufuria motoni. Mama yake ndiye huyo muuza mboga, harudi mpaka jua lizame. Mwalimu karipio likamgandia mdomoni. Mwisho wa habari alishika upande wa pili wa shuka wakalikamua pamoja. Kesho yake akaenda kwa beki wa kushoto, mtoto wa yule fundi cherehani, akakuta mambo ni yale yale. Kwa mwingine, yale yale. Vijana hawakuwa wamelegea, walikuwa walezi. Akawa anasimama mlangoni kwa kila nyumba, hakaribishwi wala haingii, anamngoja mama arudi kazini ili amwombe. Na wote walimjibu jibu moja.

"Mpira nimekubali, Mwalimu. Na huyu mdogo nimwachie nani?"

"Aje naye, mama."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akizunguka kwa wake za watu.

Mume wangu namwamini, lakini jicho ni jicho. Kesho yake nikitoka kliniki na mtoto nilipitia kiwanjani. Nyuma ya goli moja kuna ukuta wa shule, jioni unatupa kivuli kizuri. Pale kivulini Mwalimu alikuwa katandika mkeka, ule mkeka wa chumbani kwake ninaoujua kwa ule ukingo wake ulioungua, na juu yake wamejaa watoto wa kila ukubwa, mmoja analia, mmoja anakula mchanga. Yeye kasimama katikati, filimbi mdomoni, mkono mmoja unapangusa makamasi ya mtu, mwingine unawaelekeza mabeki.

"Shemeji!" akasema aliponiona. "Nishikie huyu."

Akanipa mtoto wa watu mkononi akakimbilia katikati ya uwanja. Nikakaa. Kesho yake nikarudi, na keshokutwa, maana mwanangu aliupenda ule mkeka kuliko nyumbani.

Kosa la kuweka watoto nyuma ya goli lisilo na wavu lilionekana siku ile ile ya kwanza. Mpira ulimpita Ngazi ukagonga kikombe cha maziwa cha mdogo wake mwenyewe. Huyo mtoto tunamwita Bibi, kwa sababu anatembea kaweka mikono nyuma. Hakuumia, lakini alilia kama nyumba inaanguka, na wenzake wote wakampokea. Mazoezi yakafia hapo. Mwalimu alitafuta pengine pa kuwaweka, lakini upande huu ni barabara, upande ule ni mtaro. Ndipo akaleta wavu wa zamani uliotupwa stoo, ukiwa na viraka vya kamba na vipande vya gunia, akautundika, akausogeza mkeka mpaka ukutani kabisa. Wavu ulikuwa unazuia, tena vizuri. Tatizo ni kwamba mabeki hawakuuamini.

Ungewaona! Kijana ambaye wiki iliyopita alikuwa anaupisha mpira kama anapisha mzee mlangoni, leo anauwekea kifua. "Usimwache apige! Wewe, usimwache!" wanapigiana kelele. Kila mmoja ana damu yake pale kwenye mkeka. Washambuliaji wao wenyewe wakawa wanalalamika kwamba hawapati hata nafasi ya kufanya mazoezi.

Mwalimu alikuja kusimama karibu yangu, filimbi inaning'inia.

"Shemeji, unaona ninachokiona?"

"Naona hawapitiki."

"Muhula mzima nafundisha kukaba kwa chaki na ubao," akasema, akainama kwa kicheko mpaka akashika magoti.

Mechi zilizofuata walifungwa, lakini walifungwa moja, tena kwa jasho. Pointi ndiyo haikuja. Ikabaki mechi ya mwisho, nyumbani. Wiki ile Mwalimu hakupiga mluzi hata kidogo. Asubuhi nilimkuta kizingitini mpira uko mapajani, sindano mkononi, na chai imeshafanya utando.

Siku yenyewe wageni walishuka kwenye basi na soksi zao mpya. Mtaa mzima ulikuja, Mama Redio mbele. Mkuu wa shule alisimama peke yake pembeni, kakunja mikono. Mimi nilikuwa nimeshatandika mkeka mahali petu, watoto wametulia, refa akaja. Mtu mfupi, mwenye sauti inayoishinda filimbi yake.

"Mama, hawa nini hapa? Hii ni mechi, si kliniki. Watoe!"

"Mapumziko!" wageni wakapiga kelele. "Mnanyonyesha saa ngapi?"

Nikawahamishia barazani kwenye madarasa, mbali. Mpira ukaanza, na timu ile niliyoijua haikuwepo. Ngazi alikuwa anageuka kutazama ukutani, kisha huku, kisha kule. Beki wa kushoto naye hivyo hivyo. Katika kutazama kwao huko, wageni wakafunga. Mwalimu alisimama mstarini na mikono kichwani. Mkuu wa shule hakusogea.

Mapumziko yalipofika, wenzake walikimbilia maji, Ngazi alinikimbilia mimi.

"Dada, Bibi yuko wapi? Simuoni!"

"Huyu hapa, kasinzia. Hana neno."

Akamgusa shavu, akahema. Nikamwambia Mwalimu, "Wanawatafuta wadogo zao. Macho hayako kwenye mpira." Hakungoja nimalize, akamwendea refa.

"Mwamuzi, wakikaa nyuma kabisa, nje ya kamba iliyozungushiwa uwanja?"

"Nje ya kamba ni watazamaji. Watazamaji mimi siwafukuzi."

Ila kipindi cha pili timu hubadilishana magoli. Goli letu sasa lilikuwa upande ule mwingine, kwa hiyo ilibidi tuzunguke kiwanja kizima. Nikawapanga, kila mtoto kashika shati la mwenzake, wangu mgongoni, Bibi mbele na mikono yake nyuma. Katikati ya safari mmoja akabanwa na mkojo, tukasimama wote kumngoja. Refa alikuwa na filimbi mdomoni tayari.

"Mama, tuwasubiri?"

"Tunafika, baba!"

Mara nikasikia sauti ninayoijua. Mama Redio kajitwika mkeka kichwani, anapasua watu kwa kiwiko. "Pisheni! Pisheni timu ipite!"

Tukatandika, tukakaa. Ngazi akageuka mara moja, akatuhesabu kwa macho, akawageukia wageni. Baada ya hapo hakutazama nyuma tena, wala yeye wala mabeki. Wageni walikuja kwa kasi, wakarudi. Wakaja kwa ujanja, wakarudi. Kisha beki wa kushoto akakutana na mpira ukielekea kwetu, akaupiga kwa nguvu zake zote, siyo kwa kumlenga mtu, alitaka tu uende mbali na mkeka. Ukaruka kiwanja kizima. Kipa wa wageni alikuwa katoka kwake kuja kutushangaa. Mshambuliaji wetu akaukimbilia, akausukuma kwenye goli tupu.

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Mwanangu alilia.

Mwishoni wageni walipiga shuti moja ambalo mimi nililifumbia macho. Nilipofumbua, Ngazi alikuwa kalala juu ya mpira, kaukumbatia kama mtoto, na Bibi kasimama nyuma ya kamba anamkagua. Filimbi ikalia. Sare.

Wageni walishangaa tunavyorukaruka, kana kwamba tumebeba kombe. Mwalimu hakuruka. Alikaa kwenye nyasi, akavua kiatu kimoja kama mtu aliyeingiwa na kijiwe, akabaki amekishika tu, anahema polepole, na mabega yake yaliyokuwa yamepanda tangu asubuhi yakashuka. Nami nikahisi yangu yanashuka.

Mkuu wa shule akamjia. "Haya, Mwalimu. Bwalo nitalitafutia pengine." Akamtazama Bibi. "Lakini huyu anayetembea kama mkaguzi, asiingie ofisini kwangu."

"Nilisema mimi!" Mama Redio alikuwa anawaambia watu njia nzima. "Tangu mwanzo nilisema, huyu ni mtu mwema, anawajua watu mpaka milangoni kwao!"

Jioni tukiwa barazani, mume wangu anafunga vifaa vyake vya baiskeli, Mwalimu alikuja kwa mluzi. Mkeka ulikuwa begani, umeshapigwa maji na kukung'utwa.

"Shikamoo, mzee," akamwambia mwanangu. Kisha akanigeukia, akauegemeza mkeka karibu na mlango wetu. "Shemeji, muhula ujao tunaanza ugenini. Gari la shule nimeshawaombea watoto wote wale."

Mume wangu akacheka. "Na wachezaji watakaa wapi?"

"Wachezaji watapakata." Hakuwa anatania. "Nina ombi, shemeji. Mkeka huu ukae kwako. Na siku hiyo naomba uwe wa kwanza kupanda gari, ukae mbele. Wakikuona wewe umekaa, watatulia wote, wadogo na wakubwa."